Mgongo Kwenye Benchi la Juu

Picha ile ilianza kwa kukataa kubofywa. Mchana kweupe, kahawa ikiwa bado ya moto, kwenye kiofisi cha kutengeneza tovuti cha Taisto na mkewe Tuovi, hapa Mikkeli, mji wetu wa kaskazini kwenye baridi na maziwa. Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta, na niliyosimuliwa na Tuovi ndiyo ninayokusimulia.

Enzi hizo kila kivinjari cha mtandao kilikuwa na kiburi chake. Kazi ya Tuovi ilikuwa kufungua kila ukurasa kwa vivinjari vitatu na kubofya picha zote, aone kama zinatii. Cha kwanza, kipenzi cha Taisto, ukigusa tu kitufe cha kipanya, picha inafunguka kubwa na kujaa kioo kizima. Cha pili kilingoja uinue kidole. Cha tatu kilikuwa na kisirani: ukibonyeza na kushikilia, kivuli cheupecheupe cha picha kinabanduka na kuufuata mshale popote uendapo, ukiachia kinarudi mahali pake. Tuovi alishayazoea hayo yote.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya sauna, kibanda cha mbao cha kuogea mvuke, ya baba yake, mzee Oiva, kule ziwani. Kwenye kivinjari cha pili, bofya usibofye, haikujibu kitu. Akahamia cha tatu, akabonyeza, akashikilia. Kivuli kikabanduka, lakini hakikufanana na picha yake. Kwenye picha benchi la juu lilikuwa tupu. Kwenye kivuli alikaa mtu, amempa Tuovi mgongo.

"Taisto, hebu njoo."

Taisto akaja na kikombe chake. "Nini tena?"

"Huyu nani?"

"Nani, wapi? Mimi naona mbao." Akaifungua kwenye kivinjari chake. "Haya, imefunguka safi, benchi tupu. Macho yamekuchoka, mama. Kula mkate huo."

Akaenda zake. Tuovi akabonyeza tena, na mgongo ulikuwepo palepale, mpana, unatiririka jasho, ila safari hii kichwa kilikuwa kimegeuka kidogo kama cha mtu aliyeitwa jina, na Tuovi kwa kushtuka akainua kidole, na kivuli hakikurudi kwenye picha bali kiliyeyuka hapo kilipoachiwa, na papo hapo nyuma ya kabati pasipo na bomba wala tone la maji akasikia sauti ya maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto, shhhh, ikafuata harufu ya majani mabichi yaliyolowekwa na moshi wa lami, madirisha yakaingia ukungu kwa ndani, na alipoweka mkono kwenye kiti cha pembeni ili asianguke, kiti kilikuwa kimelowa na cha moto.

Alimfuata mumewe jikoni. "Picha ile uliipiga lini?" alinong'ona.

"Tulipomaliza kuoga."

"Kabla ya kata ya mwisho, au baada?"

Taisto akacheka. Huku kwetu hakuna asiyejua: anayetoka mwisho humwaga kata moja ya maji juu ya mawe, hushukuru, hufunga mlango. Zamu inayofuata si ya watu, ni ya mwenyewe, jini wa sauna, ambaye siku zote huuzuia moto usipande ukutani. Hachunguliwi.

"Baada," alisema Taisto. "Mvuke ulikuwa unaning'inia vizuri ajabu. Niache picha kama ile kwa ajili ya jini anayekoga?"

Ukiniuliza mimi, kofi lilimstahili palepale.

Tuovi akampigia simu baba yake. Mzee naye aliongea chini chini, kana kwamba kuna mgonjwa amelala. "Mwenyewe hayupo, mwanangu. Mawe hayaimbi. Jana moto uliruka nje ya jiko ukanilamba mkono."

"Basi usioge mpaka nije, baba. Nakuomba."

"Jumamosi nisioge? Nizikwe na uchafu wangu?"

Hapo Tuovi akajua baba yake ataungua. Mzee yule angeacha kula kabla hajaacha sauna ya Jumamosi. Akakimbilia kwa Bi Lempi, mpiga chuku, kikongwe aliyefyonza damu mbaya kwenye migongo ya nusu ya mji huu kwa pembe zake. Bi Lempi hakujua kompyuta, lakini aliposimuliwa habari ya kivuli alitikisa kichwa.

"Hana hasira huyo. Kapotea njia," alisema. "Mzee aingie, amwagie maji ya kumkaribisha. Wakati huohuo mumeo akishike hicho kivuli juu ya picha, aachie maji yanapolia. Aliyemchukua ndiye amrudishe, si mwingine."

Tuovi alimsihi mumewe kwa machozi. "Kivinjari cha tatu, Taisto. Bonyeza, shikilia, usiachie mpaka nikwambie."

"Nimesikia."

"Rudia."

"Cha tatu, nashikilia. We mwanamke, nani alikufundisha kushika kipanya?"

Jumamosi hiyo giza la Novemba liliwahi kama kawaida yake. Mzee Oiva aliingia na taulo begani na bandeji mkononi. Tuovi alisimama mlangoni, simu sikioni, Bi Lempi kando yake.

"Umeshika?"

"Nimeshika," alijibu Taisto kutoka ofisini.

"Baba, mwaga!"

Mzee akamwaga. Mawe hayakuimba, yalipasuka.

"Achia, Taisto! Achia!"

"Tayari. Imefunguka vizuri kabisa."

"Imefunguka? Imefunguka nini?"

Mlango ulijibamiza mbele ya uso wake, na kwa ndani moto ulipanda ukutani kwa mvumo ambao hakuwahi kuusikia maisha yake yote, na sauti ya baba yake ikimwita mwenyewe kwa heshima, karibu, karibu bwana, halafu ikimwita yeye, Tuovi, Tuovi, naye akivuta kitasa kilichokuwa kikimchoma viganja huku Bi Lempi akimshika kiuno na kumrudisha nyuma, mpaka sauti ikakoma na paa likashuka.

Zimamoto walisema ni dohani, imechakaa. Taisto naye anasema dohani mpaka leo.

Baada ya mazishi Tuovi alimuuliza swali moja tu. "Ulitumia kipi?"

"Changu," alisema Taisto. "Cha tatu kilikuwa kinajivuta. Picha si picha tu, Tuovi? Si ilifunguka?"

Hakumpigia kelele. Alifungasha nguo zake na ile kompyuta ya zamani, akahamia nyumba ya peke yake ng'ambo ya stesheni. Kivinjari cha tatu waliokitengeneza walishakirekebisha siku nyingi, hakitoi kivuli tena, lakini cha kwake hataki kiguswe.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea mkate wa shayiri. Nilimkuta mbele ya kioo cha kompyuta, kidole kimekakamaa juu ya kitufe. Mimi nilichoona ni kivuli cha picha, benchi na mvuke, basi. Yeye alinionyesha migongo miwili. Mmoja mpana. Mwingine wa mzee, mwenye bandeji mkononi, na kichwa, akaniambia, kimeanza kugeuka.

"Mwachie mzee apumzike," nilimnong'oneza. "Utaumwa kidole."

"Nikimwachia atakwenda wapi?" alisema, na machozi yakamtoka. "Hebu niambie, atakwenda wapi? Sauna yenyewe haipo."

Nikavuta kiti cha pembeni yake nikae naye kidogo. Kilikuwa kimelowa, na cha moto.