Noti za Mashine

Kila siku alipotoka shuleni, Wanjira alivua viatu mlangoni, akanywa chai, kisha akakimbilia chumbani kwenye gitaa lake. Mama yake, Bi Nyokabi, aliyefanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Kacyiru, aliweka sheria: kazi za shule kwanza, gitaa baadaye. Wanjira aliifuata sheria hiyo vizuri sana, hasa siku ambazo mama alikuwa nyumbani.

Tangu mjomba Dominic amletee mashine kutoka Nairobi, hata chai ilikuwa ikipoa mezani. Ilikuwa kisanduku cheusi cha chuma chenye vitufe vya kukanyaga kwa mguu. Unachomeka gitaa upande huu na spika upande ule, halafu unachagua: sauti ya amplifaya kubwa ya uwanjani, sauti ya kukwaruza, au sauti yenye mwangwi kama wa kanisani. Lo! Gitaa moja, sauti chungu nzima!

Kitufe alichokipenda kuliko vyote kilirudia kila noti aliyopiga. Akipiga "ti", mashine nayo ilijibu "ti" kabla hajapiga noti inayofuata. Akipiga noti nne, watu walisikia nane, na sifa zote zilimwendea Wanjira.

Ndivyo alivyochaguliwa. Bendi ya shule ilikuwa imealikwa kurekodi wimbo ambao ungechezwa redioni Jumamosi, katika kipindi cha watoto. Katikati ya wimbo kulikuwa na kipande cha gitaa cha kasi, na mwanafunzi mmoja tu ndiye angekipiga. Kankindi, mwanafunzi mwenzake, alikipiga kwa gitaa tupu, noti zote, akajikwaa mara mbili. Kisha Wanjira akakanyaga kitufe chake. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

"Huyu mtoto ana vidole vya umeme!" alisema Mwalimu Bayingana, mwalimu wa muziki.

Wanjira alitabasamu tu. Kankindi akawekwa na waimbaji.

Studio ilikuwa mtaa wa Gatsata, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Chini mafundi waligonga mabati kwa nguvu, lakini mlango mzito ulipofungwa, hakuna kilichosikika tena. Wanjira aliangalia maikrofoni, spika na taa nyekundu ya kurekodi, moyo ukamdunda kwa furaha. Waimbaji waliimba vizuri. Manzi, mpiga ngoma, naye alimaliza sehemu yake, akamnong'oneza Wanjira: "Jumamosi hata shangazi yangu wa Masoro atatusikia!"

"Haya, gitaa iko na nani?" aliuliza Christella, fundi wa sauti, dada mcheshi mwenye hedifoni shingoni. "Mimi narekodi mbili mbili. Moja inapita kwa mashine yako. Ingine inatoka gitaa moja kwa moja, bila kitu. Hiyo tunaita sauti kavu. Nikitaka kubadilisha efekti, kama huo mwangwi, baadaye, sikusumbui upige tena."

Wanjira hakusikiliza hata nusu ya maneno hayo. Alikanyaga kitufe, akapiga. Wenzake wakapiga makofi. Christella akabonyeza kompyuta ili wote waisikie sauti kavu.

Ti... kimya. Ti... kimya. Ti...

"Yewe! Mbona iko na mashimo?" Christella alishangaa. "Noti zingine zimeenda wapi?"

Mwalimu Bayingana alikunja uso. "Huo ni waya. Manzi, wewe ndiye uliyebeba waya. Uliukunja vipi?"

"Vizuri, Mwalimu! Naapa!"

"Wanjira, unaonaje?"

Wanjira aliona njia ya kuponea. "Labda ni waya, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

Christella alileta waya mwingine. Wanjira akapiga tena. Mashimo yalikuwa palepale.

"Basi waya ule umeshaharibu hata gitaa!" Mwalimu alifoka. "Manzi, ngoma zako tumemaliza. Nenda ukae nje. Mtu asiyejali vitu vya wenzake simtaki katika bendi yangu."

Manzi aliinuka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Manzi alipoushika mlango, Wanjira hakuweza kuvumilia tena.

"Mwalimu, mwache! Waya ni mzima. Ni mimi!" Alikielekezea kidole kisanduku cheusi. "Mimi napiga nusu tu. Nusu nyingine inapigwa na mashine. Hata siku ile ya kuchaguliwa."

Watu wote walimgeukia. Kankindi alitoka katikati ya waimbaji. "Kumbe! Na mimi wiki nzima najiuliza vidole vyangu vina kasoro gani!"

"Nisamehe, Kankindi. Nafasi hii ilikuwa yako." Wanjira alivua gitaa begani, akampa.

Kankindi alipiga. Noti zote zilikuwepo, lakini alijikwaa palepale pa siku zote. Alirudia, akajikwaa tena. Muda wao wa studio ulikuwa unakwisha, na Mwalimu alikuwa anajifuta jasho.

"Ngojeni kidogo," alisema Christella. Aliteremsha gitaa jingine ukutani. "Wanjira, piga nusu yako. Kankindi, piga ile nusu ya mashine."

Mara ya kwanza waligongana, wakacheka. Mara ya pili Wanjira alitangulia mno. Mara ya tatu, titi-titi-titi-titi! Noti zilifuatana bila hata shimo moja. Christella aliyapitisha magitaa yote mawili kwenye kile kisanduku cheusi, akachagua sauti ya amplifaya kubwa na mwangwi kidogo. Studio nzima iliruka! Manzi alipiga ngoma kwenye magoti yake, na Mwalimu alisahau cheo chake akacheza.

Alipopata pumzi, Mwalimu alimshika Manzi bega. "Nisamehe, kijana wangu. Nimekulaumu kabla ya kuchunguza." Kisha akamgeukia Wanjira. "Mashine yako haina ubaya. Wanamuziki wakubwa wanaitumia kila siku. Ubaya ni kupokea sifa za noti usizozipiga. Kwa sababu ya sifa hizo Kankindi alikosa nafasi yake, na Manzi alikaribia kufukuzwa. Lakini umesema ukweli mbele ya watu wote, na hilo si jambo dogo."

Jumamosi, Bi Nyokabi alikaa karibu na redio, sufuria ikiungulia jikoni. Kipande cha gitaa kilipopita, alipiga makofi.

"Wanjira! Zote hizo ni wewe?"

"Hapana, Mama. Nusu ni Kankindi."

Mama alimvuta karibu, akamkumbatia. "Basi nusu yako nimeisikia, na imenifurahisha kuliko kama ungeniambia ni zote."