Bibi wa Kadi ya Chai

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Tillie McGlinchey aliwasha jiko la makaa, akachemsha chai, akamlisha mdogo wake Denny mkate wa kuchovya, kisha akamgeuza mama ubavu. Kitanda cha mama kilikuwa jikoni, maana huko ndiko kulikokuwa na joto. Miaka kumi na minne ya vumbi la sufi katika kiwanda cha mazulia pale mtaani kwao, Kensington, ilikuwa imemmaliza mapafu, na daktari alikwisha acha kuja.

"Wiki tatu, zikizidi sana nne," Mama Hegarty wa nyumba ya pili alisema mlangoni, akidhani ananong'ona. Mtaa mzima ulisikia.

Kilichomkosesha Tillie raha ni Denny. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, na nyumbani hapakuwa na picha ya mama hata moja. Mama akiondoka, angemkumbuka kwa lipi?

Tillie alijua kuchora, lakini uso ule wa mama uliobonyea hakuweza kuutazama. Muuza chai aligawa kadi zenye picha ya bibi mwenye mashavu ya waridi, na kila jiko la Kensington lilikuwa nayo ukutani. Tillie akanakili mashavu yale, shingo ile, hata mkufu, akaongeza nywele za mama.

Jumapili baada ya misa, jikoni pakajaa majirani kama kawaida. Picha ikapita mkono kwa mkono.

"Hee! Honora, muuza chai amekuoa lini?" Mama Hegarty akamwambia mama, akipiga kofi. "Si yule wa kadi huyu? Na mkufu wake juu!"

Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, mpaka kikohozi kikamkaba na kitambaa kikalowa damu. Kikohozi kilipotulia, baba akamwonyesha Denny picha.

"Nani huyu?"

"Bibi wa chai," Denny akajibu.

Kesho yake shuleni Bi Loomis, mwalimu wa kuchora, aliitazama picha ile bila kucheka.

"Mama yako ana mkufu?"

"Hana, mwalimu. Nilitaka apendeze."

"Siku hizi wapo wachoraji wa nchi hii wanaochora wafua nguo na jasho lao, na waandishi wanaoandika maneno ya jikoni kama yalivyotamkwa. Wanatukanwa, eti wanapenda mambo mabaya. Lakini watu wanajiona humo. Nenda ukakae mbele ya mama yako. Ukishindwa kumtazama, weka kalamu chini."

Tillie alikaa siku tano. Alichora mashimo ya mashavu, pengo la jino, na kidole kilichokatwa ncha na mashine. Aliweka kalamu chini mara nyingi.

"Umenizeesha, mwanangu," mama akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini ndiyo mimi."

Denny akabandika kiganja juu ya karatasi. "Mama," akasema, bila kuulizwa.

Mama alifariki Alhamisi iliyofuata. Hata hizo wiki tatu hazikutimia. Mshahara wa baba peke yake haukutosha, kwa hiyo Tillie akaacha shule, akaingia kiwanda kile kile, katika vumbi lile lile. Jioni moja Mama Hegarty alimkuta ameketi chini ya picha, sufi bado imemganda nyweleni.

"Haimrudishi," Tillie akasema.

"Haimrudishi, mwanangu. Sikudanganyi." Mama Hegarty akavuta kiti. "Na nisamehe nilivyokucheka. Mimi mume wangu alipigwa picha studio, kavalishwa koti la kuazima, kasimamishwa kama tajiri. Alizama mtoni, mwaka wa tisa huu. Kila nikitazama naliona koti. Uso wake siukumbuki tena. Unayempenda mtazame alivyo, useme alivyo, hata kama inauma. Denny atakua, na atajua alizaliwa na nani. Hilo tu ndilo tulilobakiwa nalo, na umelipata kwa kusema kweli."

Kisha akamwosha Tillie nywele.