Watoto Saba wa Bibi

Kila nilipotoka shule nilikuwa navua viatu mlangoni, nakula, naosha sahani yangu, kisha naenda chumba cha mbele ambako mama anashona nguo za watu. Hapo kwenye pembe ya meza yake nilisogeza mikasi na chaki, nikaweka kompyuta ya baba na kufungua faili la ukoo wetu. Kwa sababu ya kazi hiyo nyumbani waliniita Karani, nami nilivimba kichwa kweli kweli.

Faili hilo lilikuwa na majina ya ndugu zetu, miaka yao ya kuzaliwa na habari zao. Nyingi nilizipata kwa bibi, mama yake baba, ambaye tunaishi naye. Siku moja alinisimulia kuhusu mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka mitatu. Hakuwa na picha hata moja. Bibi alisema polepole na mimi nikaandika kila neno.

"Andika vizuri, mjukuu wangu," aliniambia akijifuta macho. "Haya nayasema mara moja tu."

Mtoto wake wa pili alipewa jina la yule aliyetangulia. Huyo ndiye baba mkubwa, fundi wa pikipiki, mtu wa maneno mengi na utani usiokwisha.

Shangazi, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, alikuwa na faili lake pia. Wiki moja kabla ya kikao cha ukoo alinitumia, kisha akapiga simu.

"Yaunganishe mafaili yetu yawe moja," alisema. "Ila programu ikikuuliza kama watu wawili ni mtu mmoja, usikisie. Mpigie mwenyewe, au mtu anayemjua."

"Sawa, shangazi. Nitaulizia wote."

Programu ilipata jozi arobaini na tatu za majina yanayofanana, zote za kuulizia. Tano za kwanza nilipiga simu kama nilivyoahidi. Ya sita ilikuwa ya mjomba mmoja, akanieleza habari za goti lake kwa nusu saa nzima. Nikachoka. Chini ya skrini palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Unganisha wote". Nilikibonyeza. Faili jipya likahifadhiwa juu ya lile la zamani. Nikawatumia ndugu wote, na shangazi nikamwandikia kwamba kila jozi nimeiulizia.

Sifa zilimiminika, nami nikazipokea zote. Jumamosi asubuhi baba mkubwa akaingia chumba cha mbele, vidole vimejaa grisi, simu mkononi.

"Karani," alisema, "nimesoma humu kwamba nilifariki nikiwa na miaka mitatu. Sasa yule bwana anayemaliza chakula pale kwangu kila siku ni nani?"

Mama alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Mimi pia nikacheka, halafu nikaelewa kilichotokea. Programu iliona jina moja, baba mmoja na mama mmoja, ikawafanya ndugu wawili kuwa mtu mmoja. Mwaka wa kifo cha mtoto ulibaki, lakini habari za baba mkubwa zilikuwa zimekaa mahali pa yale maneno ya bibi.

Bibi, aliyekuwa ameketi kando ya mama, hakucheka. "Nisomee watoto wangu," alisema.

Nilisoma. Walikuwa sita.

"Mimi nilizaa saba."

"Labda faili la shangazi lina makosa," nikasema.

Baba mkubwa alimpigia shangazi palepale na kuiweka simu mezani ili sote tusikie. Shangazi hakubisha. Alisema kama kosa ni lake, anamwomba mama yake radhi, na akitoka zamu atalipitia faili lake lote, jina kwa jina. Alikuwa kazini tangu alfajiri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Hakuna aliyenishuku. Ningenyamaza, mambo yangepita. Lakini bibi alikuwa ameinama, anahesabu watoto wake kwa vidole, na kila alipofika sita alirudi mwanzo. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Usikate simu, shangazi," nilisema. "Faili lako halina kosa. Niliunganisha wote kwa mpigo mmoja, halafu nikakudanganya. Na nakala ya zamani sina."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," mama alisema. "Yako haikufika hata mlangoni."

Nilipiga magoti mbele ya bibi. "Nisamehe, bibi. Maneno yako yote yamefutika. Na ulisema unayasema mara moja tu."

Niliogopa kwamba mtoto yule nimempoteza kabisa.

"Nilisema hivyo kwa sababu yananiuma," alisema. "Lakini mtoto huyu hana picha. Ana mimi tu, na mimi nimeshazeeka. Kaa hapa, uandike."

Alianza upya. Mtoto huyo alikuwa akilala ameshika sikio la mama yake. Kuku wote wa nyumbani aliwaita kwa jina lake mwenyewe, na wakija mbio alicheka mpaka akaanguka. Hilo la kuku hakuwa amenieleza mara ya kwanza.

Baba mkubwa alikuwa ameketi sakafuni, hatanii. "Mama, miaka hamsini na minne naitwa jina lake, na haya siyajui."

"Hukuuliza," bibi alisema. "Nami sikuweza kuanza."

Kisha akanigeukia. "Hakuna asiyekosea, mjukuu wangu. Lakini kazi uliyoahidi kuifanya taratibu, usiikimbize. Kosa lako usimtwike mwenzako. Na kompyuta isijibu swali ambalo mwenye jibu yuko hai. Muulize, maana hatakuwapo siku zote."

Niliitikia, nikahifadhi maneno yake katika nakala mbili, moja ya kwangu na moja ya shangazi. Zile jozi nyingine nilizianza upya kwa simu, moja baada ya nyingine.

Kabla hajaondoka, baba mkubwa alisogea karibu na skrini, akaonyesha mahali jina lake lilipokuwa, mwanzo kabisa wa orodha.

"Mimi niweke wa pili," aliniambia. "Wa kwanza ni kaka yangu."