Kinavuja Kona ya Chini

SAA 6:20 MCHANA

"Hiki kizima, weka huku—"

"Kinavuja, Abu, nimesha—"

"Kinavuja nini? Ni kishikwambi au ndoo?"

"Taa. Kinavuja taa. Angalia kona ya chini."

Abubakari, mkubwa wa kazi, akaangalia. Akaona weusi mtupu, akatukana. Loth hakubishana. Akakitupa kwenye rundo la vibovu. Fundi simu wa Chome hafundishwi giza na mtu wa barabarani.

Walikuwa watatu kwenye stoo ya tangawizi, Same mjini. Madirisha yamezibwa mablanketi, jua limefungiwa nje. Mpango Abubakari aliuchora humohumo juzi: lori linasimama Lembeni, dereva na utingo wake wanakunywa supu, wao wanashusha maboksi sitini ya vishikwambi vipya, toleo ambalo halijamaliza wiki madukani. Asubuhi ikawa vilevile. Supu ilikuwa ya moto, dereva hakuwa na haraka.

Tatizo ni mnunuzi, tajiri wa Moshi. Anafika saa nane, na kibovu hachukui. Toleo hili limezaliwa na ugonjwa: taa ya nyuma ya kioo inapenya pembeni. Ndiyo maana Loth yupo. Anaweka picha nyeusi, anapandisha mwanga mpaka mwisho, anaacha macho yazoee. Kizima kinapotelea gizani. Kibovu kinatoa ukungu mweupe pembeni.

Aliyemleta ni Eliamini, kaka wa mkewe. Alipanda mlima kwa miguu mpaka Chome kumbembeleza. Utakaa gizani tu, shemeji, alisema. Jumapili binti yako Jenifer anapata kipaimara, na wewe baba yake utakuwa benchi la mbele. Loth akamwapia mkewe hivyo hivyo: Jumapili nipo.

SAA 7:05

Kishikwambi cha arobaini na moja. Loth akakizima, akainua macho. Ukungu bado upo.

Haukuwa kwenye kioo. Ulikuwa kifuani kwa Eliamini, wa bluu, unapenya mfuko wa shati. Simu zote Abubakari alizikusanya asubuhi, akazifungia kwenye gari. Hii ilikuwa simu yake ya pili, ya kificho.

Abubakari kageuka, anafunga maboksi kwa kamba. Panga lake liko mezani. Neno moja tu la Loth, na mjomba wa Jenifer angetoka humo ndani ya kiroba. Labda anamwandikia mwanamke, Loth akajidanganya. Akachukua cha arobaini na mbili.

"Vipi hicho?" Abubakari akauliza.

"Safi," Loth akasema. Hata hakuwa amekiwasha.

SAA 7:40

Breki nje. Gari moja, mbili, tatu. Abubakari akaruka dirisha la nyuma, blanketi likadondoka, jua likamwagika ndani. Huko nje kulikuwa na wa kumpokea. Kelele yake ilikuwa fupi.

Eliamini hakuinuka hata kwenye kreti aliyokalia.

"Polisi walinidaka Kileo mwezi jana," akasema taratibu. "Wakataka watu wawili badala yangu."

Loth akahesabu. Haikuwa hesabu ngumu.

"Simu yako iliwaka, Eliamini. Nikaiona, nikanyamaza."

"Najua. Nilikuona unaniona."

Mlango ukala teke la kwanza. Eliamini akaokota blanketi, akamsogelea, akajifunika naye gubigubi, kichwa kwa kichwa, mpaka kukawa giza tena. Mikononi alikuwa na maboksi matatu ambayo hayajafunguliwa.

"Shemeji, fanya chapu. Nichagulie kimoja kisichovuja. Zawadi ya Jenifer, nitampa Jumapili."