Zamu ya Afande Kesho

Siku ile ilianza kama siku nyingine zote za shemeji yetu, yaani ilianza kwa kuchelewa. Zamu yake ilikuwa saa saba mchana. Alifika kituoni saa saba na nusu, akavua kofia, akajipepea nayo, akamwambia koplo aliyekuwa akimkabidhi zamu kwamba barabarani kulikuwa na msongamano. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua mia tatu kutoka kituoni, na njia yenyewe ni ya miguu.

Tuseme ukweli, maana alikuwa amemwoa dada yetu na tulimvumilia miaka kumi na miwili. Umbo la askari alikuwa nalo: mrefu, mabega mapana, sauti nzito ya kuagizia chai. Zaidi ya hapo hakuna. Ukutani nyuma ya kaunta palikuwa na bango linaloeleza askari anapaswa kuwa mtu wa namna gani. Awe amemaliza shule na kufaulu. Awe mkweli. Apokee taarifa ya kila anayekuja, aiandike, aifuatilie bila kuchelewa. Shemeji alitundika koti lake juu ya msumari wa bango hilo, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna aliyelisoma likaisha. Mlalamikaji akija, alimsikiliza huku akijichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, kisha akamwambia, "Rudi kesho." Mtaa mzima ulimwita Afande Kesho. Yeye, kwa akili zake, alidhani ni cheo.

Mchana ule alikuja fundi cherehani, mama wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Wamevunja banda langu, afande. Wamebeba cherehani."

"Rudi kesho."

"Na leo nishone na nini?"

"Na sindano, mama. Cherehani si ilizaliwa juzi tu?"

Akacheka peke yake. Mama wa watu akaondoka. Shemeji akaingia chumba cha vielelezo, kulikokuwa na godoro la kesi ya wizi, bado limefungwa kikaratasi chenye namba ya kesi. Mwenye godoro alikuwa mwaka wa pili analala chini, akisubiri kesi isikilizwe. Shemeji alijitupa juu ya kielelezo hicho, akauchapa usingizi mpaka saa kumi.

Kesho yake alimkuta fundi ameketi kwenye benchi, ana uso wa furaha.

"Nimekuja kukushukuru, afande. Sikutegemea ungenifuata jana ileile. Ulivyopima zile nyayo, ulivyoandika kila kitu, ukaenda moja kwa moja kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Cherehani ilikuwa ndani ya pipa."

Mtu mwenye haya angeuliza, umemwona nani? Shemeji alinyoosha mgongo. "Ni wajibu wangu, mama."

Fundi akasogea karibu na kaunta, akapunguza sauti. "Ila ulikuwa umelowa chepechepe, na mvua hatujaiona tangu mwezi juzi. Tena jana ulionekana kijana mno. Na ulikuwa na kiatu kimoja."

Alipoondoka, shemeji alifungua kitabu cha taarifa. Taarifa ya cherehani ilikuwa imeandikwa, ukurasa mzima, mwandiko umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Chini yake palikuwa na jina lake na namba yake ya askari. Karatasi ilikuwa na unyevu. Koplo aliyekuwa akifunga mkoba wake akachungulia.

"Kumbe unajua kuandika, afande."

"Nilikuwa sijaamua."

Ikawa hivyo siku nenda rudi. Shemeji analala, kazi inafanyika. Mtoto aliyepotea sokoni akarudishwa kwao. Mlevi aliyempiga mkewe akaletwa kituoni akitetemeka, akaomba mwenyewe afungiwe ndani, akakataa kusema ni nini alichokiona. Watu walikuja kushukuru, na wote walitaja maji. Mmoja alisema mkono wa afande ulikuwa wa baridi kiasi kwamba ganzi haikumtoka mpaka jioni. Shemeji alipokea shukrani hizo zote kwa kifua mbele, kama kuku aliyetagiwa mayai na bata. Mkuu wa kituo alimwita ofisini, akampa mkono, akamwambia jina lake limepelekwa juu apandishwe kuwa sajenti. Alipoulizwa siri ya mafanikio yake alijibu neno moja tu: "Uzoefu."

Lakini mwandiko ule aliujua. Aliujua tangu siku ya kwanza. Ile k yenye mkia mrefu, ile nukta inayokandamizwa mpaka karatasi inatoboka. Ndio uliokuwa ukimfanyia mazoezi ya shule utotoni.

Jina lililokuwa kifuani pake halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake.

Haya alimweleza dada yetu wiki ya mwisho, ameketi sebuleni, miguu juu ya kiti kwa sababu, alisema, sakafu ilikuwa na maji. Sakafu ilikuwa kavu. Walizaliwa wawili, wamepishana mwaka mmoja, wamefanana mpaka majirani wakawa wanawachanganya. Kaka alifaulu shule, akaomba kazi ya polisi kwa sababu aliitaka tangu mtoto. Mdogo mtu alifeli mara mbili, akaomba kulala. Siku moja walikwenda kuoga kwenye shimo la zamani la kokoto lililojaa maji ya mvua. Kaka akateleza kwenye ukingo mbovu, akabaki ameshika mzizi, maji yamefika kidevuni, kiatu kimoja kimeshazama.

"Kimbia ukalete kamba," alisema. "Iko nyuma ya mlango."

Alikimbia, hilo tumpe. Alifika nyumbani anahema. Na mezani akaikuta bahasha iliyokuwa imeletwa asubuhi ile: kaka anaitwa chuo cha polisi, aripoti na vyeti vyake. Shemeji akaketi. Akaisoma barua mara mbili, na yeye husoma kwa kidole. Alipomaliza, haraka ilikuwa imekwisha.

Aliwaambia watu kwamba aliyezama ni mdogo. Mama yao alijua, mama hachanganyi wanawe. Alinyamaza kwa sababu alidhani ni ajali, na mtoto aliyebaki alihitaji kula. Basi kaburini kikawekwa kibao chenye jina la mtu aliye hai, na yule aliye hai akaenda chuoni na vyeti vya marehemu. Miaka kumi na sita. Hakuwahi hata kuifanya vizuri ile kazi aliyoiiba.

Jumatatu ya wiki hiyo aliamka saa kumi, akafungua kitabu akitafuta sifa nyingine. Alikuta mistari michache tu.

"Saa tisa na robo. Nimefungua jalada. Kifo cha kijana, shimo la kokoto, miaka kumi na sita iliyopita. Taarifa haikuwahi kupokelewa."

Akauchana ukurasa. Akautafuna, ndiyo, aliutafuna, mtu mzima na sare yake. Aligeuza karatasi iliyofuata. Maneno yalikuwepo, na maji yake.

Jumanne yaliongezeka. "Nimefika eneo la tukio. Mzizi bado upo."

Jumatano: "Nimemhoji mama wa marehemu. Ametoa ushirikiano."

Alitoka nje nyuma ya kituo, akapiga simu kwa mama yake.

"Mama, kuna mtu alikuja hapo?"

 Sauti ya mama ilikuja ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala chumba cha pili.

"Alikuja mwenyewe. Nimempa taulo. Halikumkausha."

"Alisema nini?"

"Aliuliza swali moja. Kama siku ile kamba ilikuwa nyuma ya mlango. Nikamwambia ilikuwepo." Mama akavuta pumzi. "Mwanangu, mimi sikujua kuhusu kamba."

Shemeji alihamishia simu sikio la pili. 

"Sikiliza," mama alisema. "Ameacha maneno. Anasema mlango wa kituo uko wazi kwa kila mtu, hata kwako. Kaandike mwenyewe. Kwa mkono wako, kwa jina lako. Ukiandika, anafunga jalada anaondoka. Anakusubiri leo tu."

"Na kazi yangu?"

"Kazi ya nani?" mama aliuliza, akakata simu.

Ngoja tumtendee haki, kwa mara moja. Alirudi kaunta. Alikifungua kitabu. Alishika kalamu, akaandika tarehe, akaandika saa: nane kasoro kumi. Mbele yake palikuwa na mistari mitupu, na jambo lenyewe halikuzidi sentensi tatu. Koplo alikuwa amesahau miwani yake, akarudi kuichukua, akamkuta hivyo. Ndiye shahidi wetu.

"Unaumwa, afande? Unatokwa jasho."

"Koplo. Mtu akikiri jambo la zamani sana, wanamfanyaje?"

"Inategemea jambo. Ila akiandika mwenyewe, anakuwa mtu."

Shemeji alimtazama. Akatazama bango chini ya koti lake. Akakumbuka kwamba Ijumaa, siku mbili tu mbele, mkuu wa kituo angemvika cheo cha sajenti mbele ya watu, na dada yetu alikuwa ameshashona nguo. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini huyu tumbo lake halikuwahi kuumwa na kitu.

Akakifunga kitabu.

"Nitaandika kesho," alisema.

Koplo anaapa kwamba wakati huohuo alisikia mtu akipumua chumba cha vielelezo. Pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetoa kichwa nje ya maji. Aliondoka haraka. Hajui kwa nini hakugeuka nyuma.

Koplo alirudi kupokea zamu ya usiku saa moja kasoro, mapema kidogo, jua likiwa bado halijazama. Kaunta haikuwa na mtu. Godoro lilikuwa tupu, limelowa upande mmoja. Nyayo zilitoka chumba cha vielelezo zikakatiza ukumbi. Jozi mbili. Za buti zilikuwa zimeburutwa. Zile nyingine zilitembea taratibu, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja peku.

Ziliishia kwenye mlango wa mahabusu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Ufunguo ulining'inia kwenye ndoano yake, unadondosha maji.

Koplo akafungua.

Mle ndani hakuna bomba. Hakuna dirisha zaidi ya tundu la hewa. Siku hiyo hapakuwa na mahabusu, na ndoo ilikuwa imefunikwa, kavu. Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono imenyooshwa juu kama mtu aliyekuwa ameshika kitu. Maji ya kijani yalikuwa yakimtoka mdomoni. Daktari aliandika kwamba alikufa kwa kuzama, kisha akafuta, kisha akaandika tena.

Mbele ya miguu yake, mahali ambapo asingeweza kupafikia, palikuwa na kamba ya katani imekunjwa vizuri. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimelowa. Kamba ilikuwa kavu.

Mama yake alikuja mazishini. Hakulia. Watu walipoanza kubishana kibao kiandikwe jina gani, alisema hakuna haja ya kuandika kipya. Alikuwa amekileta kile cha zamani, amekifunga kwenye gazeti.

Baadaye mkuu wa kituo alimwonyesha dada yetu kitabu cha mahabusu, kabla hakijachukuliwa na wakubwa na kisionekane tena. Askari anapomweka mtu ndani anatakiwa kuandika vitu vyote alivyomkuta navyo, na alipovipeleka. Ni sheria, na shemeji hakuwahi kuifuata hata mara moja. Siku ile ilikuwa imefuatwa. Mwandiko ulinyooka, nukta zimetoboa karatasi.

Mkanda mmoja. Kofia moja. Kifuniko cha kalamu.

Jina moja, si lake. Limerudishwa kwa mwenyewe.

Pembeni, mahali pa mpokeaji kuweka dole gumba, palikuwa na alama ya maji. Dada yetu aliigusa wiki tatu baada ya maziko, na kidole chake kilirudi kimelowa.