Hedifoni Zimechomekwa

Ti.

Mlio mmoja tu, mwembamba, gizani. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile, usiku ukaingia kwa pupa, na fundi alikuwa akifanya kazi kwa tochi aliyoibana menoni. Kitu kidogo cha shaba kilikuwa kimedondoka kwenye kisahani chake.

"Mchawi wako huyu hapa," alisema, akiitoa tochi mdomoni. "Kichwa cha pini. Kilikatikia ndani ya tundu. Simu inadhani umevaa hedifoni, kumbe umevaa kofia."

Sikucheka. Simu ile ilikuwa imenitoa jasho tangu niirithi. Ikipigwa, hailii. Nikipokea, sisikii. Nikifungulia muziki, mstari unatembea kwenye skrini na ukimya unatembea nao. Na kule juu, kwenye kona, alama ya hedifoni imeganda kama kupe. Nilikuwa nimelipuliza tundu, nimelichokonoa kwa kijiti, nimelisugua kwa mswaki na spiriti. Wapi! Kumpigia mbuzi gitaa.

Ningeitupa. Lakini ilikuwa simu ya dada yangu.

Dada aligongwa na lori akivuka barabara, masikio yake yamezibwa na muziki. Mama alikuwa nyuma yake, akaliona lori. Akamwita kwa jina. Akamwita tena. Akamwita mpaka sauti ikamkwaruza koo.

Dada hakugeuka.

Tangu siku hiyo mama hakulitaja tena jina lile. Akawa anasema "mwenzio". Nguo za mwenzio. Kitanda cha mwenzio. Mchana huo, kabla sijaja kwa fundi, nilikuwa nimeshindwa kuvumilia, nikampandishia sauti: "Mama, mtaje basi! Mtoto wako alikuwa na jina!" Alinitazama, akafumba mdomo kama mtu aliyejiuma ulimi, akaendelea kukunja shuka. Nikatoka na simu, nimefura. Nilitaka kitu kimoja tu katika nyumba ile kitoe sauti.

"Washa," nikamwambia fundi.

Akawasha. Alama ilikuwa palepale.

Fundi akasonya. "Basi tundu lenyewe limekufa. Nakuwekea jipya. Bahati yako la simu hii halichomelewi, linafungwa kwa skrubu."

"Hata pini ulisema ndiyo mchawi."

"Kaka, mgonjwa hamgombezi dokta akiwa ameshika kisu."

Akafungua skrubu, moja baada ya nyingine. Akalinyanyua tundu bovu kwa kibano, akalilaza juu ya kitambaa. Lilikuwa dogo, jeusi, kama jino lililooza. Lile jipya alikuwa bado hajalitoa kwenye pakiti.

"Kwanza naijaribu hivihivi, bila tundu," alisema. "Alama lazima iondoke. Kama mlango haupo, mtu atapita wapi?"

Akawasha.

Alama ilikuwepo.

Fundi akaifuta skrini kwa kidole gumba, kama vile ile alama ni uchafu. Hapo ndipo iliponijia harufu... ya mpira ulioungua, kama wa tairi lililofunga breki ghafla. Nzito. Ya karibu.

"Unaunguza kitu," nilisema.

"Naunguza kwa nini? Umeme hamna. Vyombo vyangu vyote vimelala baridi."

Skrini ikawaka zaidi. Bila mlio, kama kawaida yake. *Mama anapiga.*

Nikabonyeza kupokea. Kimya. "Mama, sikusikii! Nipo kwa fundi, nakuja!" Kimya. Nikabonyeza kukata. Haikukata. Nikabonyeza tena, kwa hasira, mpaka kidole kikaniuma. Muda wa maongezi uliendelea kuhesabu, taratibu, kama watu wawili wanaozungumza bila haraka.

"Ichomoe betri," nikasema. "Ichomoe!"

Fundi akachomoa waya wa betri. Giza likarudi kwenye skrini. Nikashusha pumzi, nikachukua simu ya fundi na kubonyeza namba ya mama.

*Namba unayopiga inatumika kwa sasa.*

Nikangoja kidogo. Nikapiga tena.

Inatumika.

"Atakuwa anaongea na mtu mwingine," fundi alinong'ona.

"Mama hana mtu wa kuongea naye usiku. Anayempigia ni mimi tu."

Tukaitazama simu. Ilikuwa imelala tumbo wazi, betri yake pembeni. Fundi akarudisha mikono mapajani, hataki tena kuigusa.

"Nenda nyumbani, kaka," alisema. "Nenda sasa hivi."

Nilikimbia. Mtaa mzima ulikuwa mweusi, na ile harufu ya mpira ilinifuata kona kwa kona. Au ilinitangulia, sijui. Nilipofika, mlango wetu ulikuwa wazi. Mama hauachi wazi hata mchana.

"Mama?"

Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha dada. Mwanga mdogo wa ile simu yake ya vitufe ulimgusa shavu. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu hilo nilikuwa nimelisahau.

"Ndiyo, mwanangu," alikuwa akisema. "Ndiyo. Nipo..."

"Mama, unaongea na nani?"

Akaweka kidole mdomoni. Kisha akaifunika simu kwa kiganja, kama mtu anayeukinga mshumaa na upepo.

"Anasikia," akanong'ona. "Baba, safari hii anasikia."

"Kata, mama. Ile simu iko kwa fundi. Haina betri. Hakuna mtu kule!"

"Anasema amefika barabarani, hapo mbele. Hajui avuke au asivuke." Machozi yalimshuka, na tabasamu halikuondoka. "Anauliza mbona siku hizi simwiti."

"Usimwite."

Nilisema mimi. Mimi niliyemsukuma mchana alitaje jina lile, sasa nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimemshika mikono, namsihi alimeze.

"Mama, nakuomba. Huyo si yeye. Usimwite."

"Kama ni yeye je?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimwache tena katikati ya barabara?"



Ndipo nikasikia. Nje, upande wa barabara.

Tsi... tsi... tsi...

Muziki mwembamba, kama ule unaovuja kwenye masikio ya mtu anayepita. Ukasogea. Ukaingia uani. Ukaja mpaka chini ya dirisha, na harufu ya mpira ikajaa chumbani hata nikaziba pua.

Tsi... tsi...

Kisha ukakatika ghafla, kama mtu amezivua hedifoni ili asikie vizuri.

Nikanyanyua kiganja nimzibe mama mdomo. Alikishika, akakibusu, akakishusha taratibu. Akaligeukia dirisha.

"Tunu," akaita.