Kurasa Tisa za Omulangira

"Jumamosi wasije," nilimwambia Rugemalira kwenye simu.

"Kemigisha, washenga wameshajiandaa."

"Wapeleke kwa Mzungu wako wa dirishani."

Nikakata simu.

Rugemalira ni wa ukoo uliotawala Karagwe zamani. Hapa Bugene tunamwita Omulangira, mwana wa mfalme, ingawa anapalilia migomba kama sisi. Alikwenda Ujerumani kwa masomo ya miezi sita, akarudi na daftari la michoro ya rangi za maji, akaniachia nilitazame. Mito, makanisa, baiskeli. Kisha kurasa tisa mfululizo, mwanamke mmoja: kaketi dirishani, mashavu laini, nywele nyeupe. Mimi alinichora mara moja tu, na pua akaikosea.

Haukupita muda, bodaboda ikasimama uani. Akashuka Rugemalira, kavaa shati nje ndani.

"Ni nani?" nilimuuliza kabla hajakaa.

"Bibi Gerda, mwenye nyumba niliyopanga. Ana miaka sabini na tisa."

"Huyu? Huyu hata thelathini hajafika."

Akainama. "Mikunjo inanishinda. Nikiweka mistari usoni rangi zinavujiana, anaota ndevu. Nikaiacha."

"Na nywele?"

"Ni mvi. Nimeacha karatasi ilivyo."

Kicheko kilinijia, nikakimeza. Hasira ilikuwa haijaisha.

"Kwa nini mara tisa?"

"Nilipasuliwa tumbo, Kemi. Nililazwa siku tisa. Kila siku alikuja na supu, akakaa pale dirishani mpaka jioni."

"Mbona uliniambia una mitihani?"

"Ungefanya nini ukiwa huku? Ungelia tu."

"Ningelia. Kulia ni haki yangu."

Akapiga simu ya video, akanipa.

Akatokea bibi kizee, uso mikunjo mitupu. Nilimwonea aibu. Mtu nisiyemjua alikaa mahali pangu, akamnywesha supu mwanaume wangu, nami siku mbili nzima namtukana. Nikapiga magoti mbele ya simu, kama tunavyowasalimia wakubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Kemigisha," akajibu kwa ulimi mzito.

Kumbe alishafundishwa, hata jina langu analijua.

"Mwambie asante," nilimwambia Rugemalira. "Mwambie tena. Mwambie Mungu amtunze."

Nikalia kile kilio nilichonyimwa.

Simu ilipokatika, Rugemalira aliniuliza kwa woga, "Na Jumamosi?"

"Waje. Na Bibi Gerda nitamtumia kahawa yetu."

Akacheka, akafungua daftari. "Basi kaa hapo dirishani nikuchore."

"Sasa hivi sitaki," nikamwambia. "Subiri nizeeke."